Nilipokuwa Nikisubiri Prosesa

Kompyuta ninayoandikia haya ilinifikia mwaka jana, imefungwa ndani ya mablanketi mawili katika sanduku la mdogo wangu. Ilipofika haikuwa mpya tena. Wenye kuyajua mambo hayo walishaanza kuisifia itakayokuja baada yake. Inafanya kazi vizuri, sina malalamiko. Lakini siipendi, na kosa si lake, ni langu, na ndilo ninalotaka kulisimulia.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, upande wa wanawake. Kwa asiyejua mambo yetu Unguja, shughuli ya wanawake ni ya wanawake kweli. Mlangoni hukaa mtu mzima mmoja na kikapu, na kila anayeingia anatia simu yake humo, awe wifi, awe shangazi, awe nani. Ndani buibui zinavuliwa, nywele zinaonekana, watu wanacheza mpaka jasho linawatiririka. Hakuna picha inayotoka mle isipokuwa yangu. Kwa hiyo wanaponiita hawaniiti kwa ufundi wa kamera. Wapo vijana wa kiume hapa mjini wananizidi mbali. Wananiita kwa sababu mimi mwanamke, na kwa sababu miaka yote hii hakuna hata sura moja iliyotoka kwangu ikaonekana pasipotakiwa. Hiyo ndiyo biashara yangu, mengine ni nyongeza.

Nahariri nyumbani kwangu Mkunazini, ghorofa ya pili, dirisha limefungwa na pazia limeshushwa. Watu hudhani kazi ni kutia nyimbo na maua yanayopeperuka. Hiyo ni kazi ya siku mbili. Kazi yenyewe ni kupepeta. Huyu kaniomba asionekane kwa sababu mumewe mkali. Yule nguo ilimvuka akicheza. Hawa wawili wamekaa nyuma wanamsengenya mama mkwe, na sauti imeingia yote, neno kwa neno. Naangalia kila dakika niliyoipiga, na ninachokiondoa nakitia katika folda niliyoipa jina Jaa, kisha kazi ikimalizika nalifuta jaa lote. Hakuna mtu aliyewahi kuliona isipokuwa mimi.

Kompyuta niliyokuwa nayo wakati huo niliinunua mkono wa pili kwa mhandisi wa majengo aliyekuwa anahama. Ni zile laptop nene za kazi nzito, zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wanaochora maghorofa. Wasomi wanasema kompyuta mpakato. Ile hata siku moja haikupakatika, maana ukiiweka mapajani dakika tano unaanza kutafuta dawa ya kuungua. Lakini nikiipenda. Ilinivusha miaka saba, na hewa ya chumvi ya mjini kwetu, inayokula hata bawaba za milango, haikuiweza.

Mambo yaliharibika niliponunua kamera mpya. Picha zake zilikuwa nzuri mno, unaweza kuhesabu punje za shanga kwenye gauni, na kwa hiyo zilikuwa nzito mno. Kompyuta yangu ikipewa picha zile inakwenda hatua mbili tatu, inasimama, inahema kwa feni, halafu inaganda. Sura ya mtu inabaki hapohapo, mdomo wazi, sekunde kumi, ishirini. Unaweza ukenda kuinjika chai ukarudi ukaikuta haijatikisika. Nikawa naipigapiga kwa ubao wa kiganja, na ninaisemesha maneno ambayo mama yangu angeyasikia angenitia pilipili ulimini.

Nikiwa katika hali hiyo niliitwa Malindi na mama mmoja aliyekuwa anamuoza mwanawe wa pekee wa kike.

Mumewe alikuwa amefariki siku kumi tu nyuma. Tarehe ya harusi aliiweka marehemu mwenyewe kabla ya kuugua, na mkwe anafanya kazi Muskati, likizo yake ni ile ile, ukiipitisha ni mpaka mwaka mwengine. Wazee wakakaa, wakaona harusi iendelee bila makuu. Ila mama mtu yumo ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi hatoki mlangoni, hajipambi, hajifukizi hata udi. Na nyumba ya msiba si ya kupambia bibi harusi, kwa hiyo msichana angepambwa kwa mama yake mdogo, angepelekwa ukumbini, na kutoka ukumbini angekwenda kwa wakwe zake Fumba. Angekuja kumuaga mama yake siku ya pili, na buibui lake, kisha safari. Siku yenyewe ya harusi mama hatomuona.

Nilipiga hodi nikamkuta amekaa juu ya mkeka, kavaa nyeupe, mgongo ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa karibu yangu, sauti imenikauka." Akasubiri nikae. "Nimekuita kwa neno moja tu. Shughuli itakuwepo na mimi sitokuwepo, unajua mwenyewe. Watakuja watu hapa, mmoja mmoja, wataniambia alipendeza. Bibi harusi gani asiyependeza? Mimi nataka kumuona kwa macho yangu mawili haya."

"Utamuona, mama. Wiki tatu tu, nitakuletea mwenyewe mpaka hapa."

"Wiki tatu?"

"Wiki tatu."

"Basi vyema," akasema, na akatabasamu kidogo. "Utanikuta. Mimi siendi pahala."

Shughuli ilifanyika katika wiki ya tatu ya eda. Haikuwa na ngoma kubwa, lakini watu walikuja, na msichana aliingia na gauni la kijani kibichi na hina imemfika viwikoni. Mlangoni kikapu kilijaa simu mpaka kikaletwa cha pili. Nilipiga kwa muda wa karibu saa tano. Siku ya pili yake msichana alikwenda kumuaga mama yake, na baada ya hapo wakaondoka na mumewe.

Nikafunga dirisha, nikashusha pazia, nikaanza kazi. Wiki nzima ikapita na mimi nimepepeta dakika kumi na moja, ukiacha vipande vilivyoharibika waziwazi, nilivyovitia jaani tangu siku ya kwanza.

Mdogo wangu, tumbo moja, anakaa Muskati vilevile. Anafanya kazi katika ghala la vyombo vya nyumbani, friji na majiko, hayana uhusiano wowote na kompyuta. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hazijui kwa kazi, anazijua kwa ugonjwa. Usiku mtu mwengine anaota kafika peponi, yeye anaota prosesa. Nilimpigia nikamwambia nataka kompyuta nyingine, nzito, ya maana, ile yangu imechoka.

"Ipo," akasema. "Nimeiona juzi dukani, nzuri. Na kuna mtu anakuja Unguja Alkhamisi. Nimpe akuletee?"

"Mpe."

"Lakini, dada."

Mdogo wangu akisema lakini, tafuta pahala ukae. Nikakaa.

"Zinatoka prosesa mpya. Miezi miwili, haizidi. Hizi zilizopo zinapata moto sana, na ile feni unayoilalamikia utaisikia tena. Hizo zinazokuja wanasema ni mara mbili yake, na baridi. Wewe ukinunua leo, baada ya miezi miwili utajuta. Na mimi nakujua ukijuta, utanipigia simu kila siku."

Alisema kweli, mimi nikijuta sikai kimya. Nikamwambia anipe siku mbili nifikiri. Hizo siku mbili ndizo zilizonimaliza. Nilianza kuangalia wale wanaume wa mtandaoni wanaofungua maboksi ya kompyuta taratibu, wanavua karatasi moja moja, unadhani wanamfunua mtoto mchanga. Nikachukua daftari nikachora mistari. Upande huu iliyopo, upande huu inayokuja. Mimi ambaye zamani sikujua tofauti ya prosesa na pasi ya umeme, nikawa najua viini vingapi, vipi vya mbio na vipi vya kubana umeme, inapata moto kiasi gani ukiitia kazi saa nzima. Kila nilipoisoma iliyopo niliiona ina ila. Inayokuja haikuwa na ila hata moja, maana hakuna aliyekwisha kuitumia.

Alkhamisi yule mtu akafika Unguja na halua ya Muskati. Kompyuta nilishamwambia mdogo wangu asimpe.

Nikijipa sababu, na sababu ilikuwa nzuri, ndiyo maana nikaiamini. Nilijiambia: huyu mama hakuiona harusi ya mwanawe. Si haki nimpelekee kitu kinachogandaganda, rangi zimepauka, kimekatwa ovyo kwa haraka. Nimpelekee filamu. Aione kila shanga. Kazi nyingine nilizopata nilizipiga kwa kamera ya zamani nikazimaliza, mambo yakawa yanakwenda. Hii moja nikaiweka pembeni, kwa heshima. Wallahi niliona ni heshima.

Wiki ya tatu ilipotimia nilimpigia simu.

"Mama, samahani, kompyuta imenisumbua. Nasubiri nyingine, inakuja."

"Haidhuru, mwanangu. Itakuja lini?"

"Miezi miwili hivi."

"Haya. Mungu aijaalie."

Nilipokata simu niliona aibu, na mimi nikiona aibu nakuwa mkali. Nikaitia kompyuta kwenye begi nikaipeleka kwa fundi Darajani, nikijua kabisa kwamba najitafutia njia nyingine tu ya kujiliwaza. Fundi yule kwao Tabora, lakini keshakuwa mtu wa mjini, ana kiduka cha upana wa mlango mmoja na amejizungushia makompyuta yaliyofunuliwa matumbo. Ni fundi hodari na mpole. Tatizo kila nikimwendea ni lile lile.

"Iache, dada, uje kesho."

"Siiachi."

"Dada, mimi naangalia vyuma, siangalii harusi za watu."

"Najua. Na mimi nitakaa hapa nikuangalie unavyoangalia vyuma."

Na diski zote mbili nilikwisha kuzitoa nyumbani kwa bisibisi yangu mwenyewe, zimo ndani ya mkoba, na mkoba upo kwapani. Yeye anajua. Kila mara anajaribu kuiwasha, inamwambia haina diski, ananitazama, ananyanyua mabega, anaifanyia kazi hivyo hivyo. Mke wake nilimpigia video ya harusi ya wifi yake, kwa hiyo moyoni nadhani ananikubali.

Aliifungua, akapuliza vumbi, likatoka vumbi la kufinyangia chungu. Akaitazama ndani kwa tochi ya simu.

"Hii haijafa, dada. Ina nafasi mbili za memori ziko tupu. Tutie memori, nibadilishe ile dawa ya kupozea prosesa, uniachie siku moja, na kama huniachii basi kaa hapa siku moja. Hiyo kazi yako itakwenda. Si kwa mbio, lakini itakwenda."

"Kuna prosesa mpya zinakuja," nikamwambia. "Naona ni kutia kiraka nguo ambayo mwezi ujao naitupa."

"Zinakuja lini?"

"Karibu."

"Sasa hiyo prosesa haijazaliwa, dada, na wewe ushaitandikia kitanda."

Alisema kwa mzaha, watu wa benchi la jirani wakacheka. Nilimjibu maneno mawili matatu ambayo hakustahiki. Nikamwambia afunge, nikaondoka na kompyuta yangu iliyopulizwa vumbi.

Miezi miwili ikapita. Prosesa kweli zikatoka. Nilikaa nikaangalia tangazo lake mwanzo mpaka mwisho, chai ikanipolea mkononi. Nikampigia mdogo wangu kabla hata hawajamaliza kupiga makofi.

"Nimeona, dada," akasema. "Lakini."

Nikakaa.

"Hizi zilizotoka ni za kompyuta nyepesi, za ofisini. Za kazi nzito zinafuata. Wanasema miezi miwili mingine. Ila nimesoma pahala kwamba za mwaka ujao ndizo zenyewe khasa. Sasa sijui. Wewe waonaje?"

Nilikuwa na kila sababu ya kumwambia nenda kanunue iliyopo dukani sasa hivi. Nikamwambia tusubiri. Nshasubiri miezi miwili, niliona nikinunua ya zamani sasa, ile miezi miwili itakuwa nimeitupa bure. Nikiifikiria hesabu hiyo leo najicheka, lakini siku ile niliiona imenyooka.

Kutoka kwangu kwenda soko la samaki Malindi ipo njia ya mkato, inapita chini ya dirisha la yule mama. Nilikuwa nikipita hapo miaka na miaka. Nikaanza kuzunguka kwa mbele. Sikujiambia kwamba namkimbia, nilisema njia ya mbele ina kivuli. Ina kivuli gani, saa tano ya mchana.

Siku moja, imebaki kama wiki mbili eda yake imalizike, nikapata sauti yake kwenye simu. Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nikaisikiliza nimesimama.

"Assalaamu alaykum, mwanangu. Hujambo? Na watoto hawajambo? Nimeambiwa kompyuta yako bado haijaja. Basi usijisumbue tena na ile video. Nshazoea. Mungu akuwepesishie kazi zako."

Sauti haikuwa na hasira, na mimi ningetaka iwe nayo. Mtu akinikasirikia najua la kufanya, namkasirikia vilevile, mambo yakaisha. Niliisikiliza tena, na tena, na kila nikifika kwenye nshazoea nairudisha. Kwanza nikamkasirikia mdogo wangu na lakini zake. Nikawakasirikia wanaume wa maboksi. Nikaikasirikia kompyuta iliyokuwa imekaa kimya chini ya kitambaa chake. Halafu wa kumkasirikia wakamalizika, nikabaki peke yangu na mbuzi ya nazi.

Nikanawa mikono. Nikasali Alasiri, nikafunga dirisha, nikaiwasha.

Sikuhariri. Safari hii sikukata wimbo wala kupaka rangi. Nilifanya jambo moja tu, nilipitia vile vipicha vidogo vya mwanzo wa vipande, nikatafuta kila kipande alichomo yule msichana, na ambamo hakuna mwanamke mwengine ambaye angeona haya kuonekana. Kipande kikiganda nakisubiri kiganduke, kikipita nakitia kwenye folda mpya. Nilipomaliza vilivyo vizuri nikaingia na kwenye jaa, maana yule mama hakutaka uzuri, alitaka mwanawe. Humo nikaokota vitatu vinne vilivyopinda au vyenye giza. Nikafunga kompyuta, na nje ndiyo kwanza wanaadhini Magharibi. Kazi niliyomsubirishia mtu miezi mitatu ilikuwa ya alasiri moja.

Asubuhi yake nikaibeba ndani ya kikapu cha sokoni, na chaja yake, nikapita njia ya mkato.

Alikuwa palepale juu ya mkeka. Nilishtuka kwa alivyopungua, mikono imebaki mifupa na ngozi. Sikuuliza. Nilidhani ni msiba, na mtu aliyefiwa humuulizi kwa nini kakonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ala, imekuja?"

"Haijaja, mama. Nimekuja na hii ya zamani. Inasumbua, itasimamasimama, uniwie radhi."

"Ngoma zimo?"

"Nimezifunga. Sauti nitaifungua penye mazungumzo tu."

"Vyema. Ngoma hazifai humu ndani kwa sasa."

Nikaweka kompyuta juu ya kigoda mbele yake, tukakaa bega kwa bega. Akavaa miwani. Kipande cha kwanza ni msichana anashuka garini, ananyanyua gauni kwa vidole viwili, ananyanyua uso. Na hapo kompyuta ikaganda. Feni ikaanza kulia. Nikanyoosha mkono kuipiga kama kawaida yangu, na yule mama akanishika kiganja.

"Usiiguse. Iache hapohapo."

Akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akautazama uso wa mwanawe nyusi kwa nyusi, akatazama hina, akatazama kipini alichotiwa puani, ambacho baadaye aliniambia ni cha bibi yake msichana. Kompyuta ilipoamka msichana akaendelea kutembea, mama akasema "aa" taratibu, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Ile hitilafu iliyonitia wazimu miezi yote, yeye alikuwa akiingojea itokee tena. Kila ilipoganda alishukuru.

Tukaenda hivyo karibu saa nzima. Kisha nikafika kwenye kimoja kati ya vile vya jaa.

"Hiki kimeharibika, mama. Nilisahau kuizima kamera, nikaiweka juu ya meza katika chumba cha nyuma, imepiga upande upande. Nakiruka."

"Yeye yumo?"

"Yumo."

"Basi kiweke."

Nusu ya picha ilikuwa ni boksi la tishu. Nusu nyingine, imelala ubavu, ni msichana amekaa juu ya kiti cha plastiki kabla ya kutolewa mbele za watu, ushungi umesukumwa nyuma. Mbele yake yupo somo wake, yule mtu mzima aliyemfunda na kumsimamia siku hiyo, na sahani ya pilau mkononi. Somo anafinyanga tonge, anamtia mdomoni kwa uangalifu asimharibie rangi ya midomo. Msichana anatafuna, shavu limetuna.

"Nitie na pilipili," anasema msichana.

"Utajichafua."

"Nitie, somo. Nna njaa."

Somo akamtia. Akala tonge la pili, na la tatu, na la nne akalichukua mwenyewe kwa mkono wake, hina na yote. Kisha mtu akaita kutoka nje, na picha ikaishia kwenye boksi la tishu.

Nilimtazama yule mama nikaona miwani imeloa.

"Anakula," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Rudisha."

Nikarudisha. Akaniambia tena rudisha, na tena. Mara ya nne alicheka pale penye pilipili, kicheko kimechanganyika na kilio, akaivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Alipokufa baba yake alikaa siku mbili hakutia kitu mdomoni," akasema. "Uji nilimnywesha kwa kijiko, mkubwa mzima. Halafu akatolewa hapa kwenda kupambwa, na mimi sina ruhusa ya kuvuka mlango huu nikamlishe. Nimemuuliza kwenye simu, anasema, nilikula, mama. Na mimi siku ya harusi yangu nilimwambia mama yangu nimekula, na sikula. Nimemuuliza somo wake, kasema kala. Somo angesema nini? Sasa miezi mitatu hii, kila nikikata tonge, namuona mwanangu kakaa mbele za watu na njaa yake, na baba yake kaburini, na mimi huku sahani iko mbele yangu. Chakula kinanikwama, nasukuma sahani."

Nikaitazama ile mikono yake, nikajua kilichoimaliza. Nilitaka kumwomba msamaha, yeye akaniwahi. Akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kujua tu.

"Hiki ulikipiga siku gani?"

"Siku ileile ya harusi, mama."

"Na kilikuwa kinahitaji hiyo kompyuta unayoisubiri?"

Uso ulinishuka. "Hapana, mama. Kingeonekana kwa hii hii, tangu siku ya kwanza."

Akaitazama ile sura ya mwanawe, iliyoganda tonge likiwa shavuni. Kisha akavaa miwani yake.

"Haya, mwanangu," akasema. "Kiweke tena."